SOMO LA SOKO: Kabla ya kununua mikisa, hesabu mabasi yake

Biashara ya kukodisha vyombo vya muziki ni miongoni mwa zile zinazowavutia watu wenye mitaji midogo katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Katika Kata ya Gungu, kama ilivyo Mwanga na Ujiji, haipiti miezi mingi bila harusi, sendofu, mahafali, mkutano wa injili au maulidi, na kila shughuli huhitaji spika, maiki na mtu wa kuviendesha. Kwa mwenye akiba kidogo, hesabu huonekana nyepesi: nunua vyombo mara moja, kodisha mara mia.

Tatizo huanza dukani. Mnunuzi akifika Kariakoo, Dar es Salaam, huonyeshwa mikisa mbili, yaani mashine za kuchanganyia sauti, zinazofanana kwa umbo na kwa idadi ya tundu, lakini moja ina bei kubwa kuliko nyingine. Muuzaji akiulizwa sababu, hujibu kwamba ile ya ghali "ina makundi". Mnunuzi asiyejua maana ya neno hilo hufanya moja ya makosa mawili. Ama huchukua ya bei ya chini na kuja kugundua Gungu kwamba haimudu bendi, ama huchukua ya ghali na kulipia kitu ambacho hatakitumia kamwe. Kosa lolote kati ya hayo ni gumu kusahihisha, kwani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mzigo uliokwisha kusafirishwa hivyo haurudishwi dukani kwa urahisi.

Somo la wiki hii linaeleza makundi hayo ni nini, yanafanya kazi gani, na ni mfanyabiashara yupi anapaswa kuyalipia.

BASI NI NINI?

Kila kitu kinachoingia kwenye mikisa, iwe ni maiki, gita au kinanda, huingia kwa mlango wake unaoitwa chaneli. Chaneli ina vifundo vya kurekebisha sauti, na chini yake kuna kitelezi, ambacho mafundi mitambo hukiita feda. Baada ya kupita kwenye kitelezi, sauti hupanda kwenye njia ya pamoja inayokusanya sauti za chaneli nyingi na kuzipeleka mahali pamoja. Njia hiyo ndiyo inayoitwa basi.

Jina hilo linaeleweka vizuri kwa msafiri yeyote. Basi la abiria hupita vituo vingi, hupakia watu wa kila aina, kisha huwashusha wote kituo kimoja. Basi la umeme ndani ya mikisa hufanya vivyo hivyo kwa sauti. Karibu kila mikisa, hata ndogo, ina basi kuu lenye upande wa kushoto na wa kulia, linaloishia kwenye amplifaya na spika.

Basi la kundi ni basi dogo linalopakia baadhi tu ya chaneli na kuzifikisha kwenye kitelezi chake lenyewe kabla ya kuzipeleka basi kuu. Waimbaji wanane wa kwaya wanaweza kupandishwa basi moja la kundi. Fundi akishapanga uwiano wao, yaani nani asikike zaidi na nani apunguzwe, hana haja ya kugusa vitelezi vinane tena. Akitaka kwaya nzima ishuke ili mchungaji aombe, hushusha kitelezi kimoja. Kwaya ikirudi kuimba, hukipandisha, na uwiano aliouweka mwanzo unabaki vilevile.

KUSOMA NAMBA ZA MASHINE

Viwanda vingi huandika uwezo wa mikisa kwa namba zinazofuatana, kwa mfano 16.4.2 au 24.8.2. Namba ya kwanza ni chaneli zinazoingia, ya pili ni mabasi ya makundi, na ya tatu ni basi kuu la kushoto na kulia. Kwa hiyo 16.4.2 ni mashine ya chaneli 16 yenye makundi manne. Ikiwa namba ya katikati haipo, mnunuzi ajue kwamba huenda hakuna makundi, na aulize.

Namba ya kwanza nayo ina mtego. Kiwanda huhesabu chaneli ya stirio, ile inayopokea kinanda au simu yenye muziki, kuwa chaneli mbili. Mfano mzuri ni mashine za Yamaha za mfululizo wa MG. MG16XU huitwa ya chaneli 16, lakini kwa mujibu wa vipimo vya kiwanda inapokea maiki zisizozidi 10. Ina mabasi manne ya makundi na basi kuu moja la stirio. MG12XU inapokea maiki 6 na ina makundi mawili. MG10XU inapokea maiki 4, nayo haina basi la kundi hata moja. Aliyenunua "ya chaneli 12" akitarajia kuhudumia kwaya yenye maiki kumi atapata fedheha mbele ya wateja.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba makundi hutumiwa mara nyingi kwa jozi. Ili kundi libaki na sauti ya kushoto na kulia, linahitaji mabasi mawili. Makundi manne, basi, ni mawili tu ya stirio au manne ya sauti moja. Katika uwanja wa wazi hasara ya kutumia sauti moja ni ndogo, kwa kuwa msikilizaji aliyesimama karibu na spika ya kushoto haisikii vizuri ile ya kulia hata hivyo.

Kwenye chaneli, kando ya kitelezi, kuna vitufe vyenye maandishi 1-2, 3-4 na L-R au ST. Kitufe cha 1-2 kikibonyezwa, sauti hupanda mabasi ya 1 na 2. Kifundo cha kushoto na kulia ndicho huamua ni lipi kati ya hayo mawili. Kikizungushwa kushoto kabisa, sauti huenda basi la 1 peke yake, na kikizungushwa kulia kabisa, huenda la 2.

MFANO WA BENDI

Kigoma ipo jirani na Burundi na Kongo, na muziki wa rumba wenye magita mengi una wapenzi wa siku nyingi ukanda huu wa Ziwa Tanganyika. Tuseme bendi ya namna hiyo imealikwa kupiga harusini Gungu. Hesabu ya viingilio inaweza kuwa hivi: dramu maiki 5, tumba 1, besi 1, magita 3, kinanda 2, tarumbeta na saksofoni 2, waimbaji 4. Jumla ni viingilio 18.

Fundi mwenye mikisa isiyo na makundi ataendesha vitelezi 18 kwa mikono miwili. Mwimbaji akizidiwa na magita, fundi atashusha magita matatu na kinanda kimoja baada ya kingine, na atakapomaliza, ubeti umekwisha. Mwenye makundi manne ataipanga bendi hivi: kundi la 1 midundo, yaani dramu, tumba na besi, viingilio 7, kundi la 2 magita na kinanda, viingilio 5, kundi la 3 tarumbeta na saksofoni, viingilio 2, kundi la 4 waimbaji, viingilio 4. Vitelezi vyake vya kazi sasa ni vinne.

Kwa mwekezaji, tofauti hiyo inahusu fedha. Fundi mmoja anatosha pale ambapo pengine wangehitajika wawili. Maiki ya mwimbaji ikianza kupiga mluzi, kuna kitelezi kimoja cha kukimbilia. Na bendi iliyosikika vizuri hurudi kukodi vyombo vilevile.

Faida nyingine ni kwamba basi la kundi hubeba sauti yenyewe, wala si amri tu. Kwa sababu hiyo, kompresa moja inaweza kuunganishwa kwenye kundi la waimbaji na kuwatuliza wote wanne kwa pamoja, badala ya kununua kompresa nne. Mnunuzi aangalie nyuma ya mashine kama kila kundi lina tundu la kuchomekea kifaa cha namna hiyo, penye maandishi INSERT, na tundu la kutolea sauti, penye maandishi GROUP OUT. Tundu hilo la pili linaweza kulisha spika za chumba cha pili, sabufa, au kamera ya mpiga video wa harusi, ambaye naye hulipa.

MAKOSA MATATU YA MAFUNDI

La kwanza ni kumpandisha abiria mmoja mabasi mawili. Fundi hubonyeza kitufe cha kundi, kisha husahau kukiachia kile cha L-R. Sauti ileile hufika basi kuu kwa njia mbili. Vitelezi vikiwa usawa mmoja, huongezeka kwa desibeli 6. Desibeli 6 si jambo dogo, kwani maana yake ni kuitaka amplifaya itoe nguvu mara nne. Iliyokuwa ikitoa wati 100 hudaiwa wati 400, na spika isiyostahimili huungua. Aidha, fundi akishusha kundi, sauti haizimiki kwa kuwa njia ya pili bado iko wazi. Wamiliki wengi hudhani mashine ni mbovu, kumbe ni kitufe.

La pili linahusu mwangwi. Sauti inayopelekwa kwenye kifaa cha mwangwi hupita njia nyingine yenye maandishi AUX au FX, nayo huchotwa kwenye chaneli kabla sauti haijafika kwenye kundi. Kwa hiyo fundi akishusha kundi la waimbaji, sauti zao hupotea lakini mwangwi wao hubaki ukielea ukumbini. Dawa ni kuurudisha mwangwi huo kwenye kundi lilelile la waimbaji, kama mashine inaruhusu, ili vyote vishuke pamoja.

La tatu ni kudhani kwamba kundi hushusha pia spika za monita zilizo mbele ya wapigaji. Kwa kawaida monita hulishwa na AUX, ambayo haipiti kwenye kundi. Mnunuzi anayehudumia bendi ahesabu AUX kwa makini uleule anaohesabu makundi, maana bendi isiyojisikia hulalamika kabla ya wageni kulalamika.

MASHINE ZA KIDIJITALI

Makundi manane yalipata umaarufu katika miaka ya 1990 kwa sababu ya studio. Mashine ya kurekodi ya Alesis ADAT, iliyoingia sokoni mwaka 1992, ilirekodi njia nane kwa wakati mmoja kwenye kanda ya S-VHS. Mikisa ya mabasi manane, kama 24.8 ya Mackie, ililingana nayo sawasawa: basi moja kwa kila njia ya kanda. Leo kompyuta hupokea kila chaneli peke yake kwa waya wa USB pale ambapo mashine inaruhusu, hivyo anayenunua kwa ajili ya kurekodi tu asishawishike na namba kubwa ya makundi.

Mashine za kidijitali zimebadili hesabu upande mwingine pia. Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012, ina viingilio 32 vya maiki na mabasi 16 ambayo fundi huyapanga apendavyo, mengine yawe makundi na mengine monita. Ina pia vitelezi nane vya DCA. DCA hufanana na kundi machoni, lakini haibebi sauti. Huamuru viwango vya sauti vya chaneli vishuke, kana kwamba vitelezi vyenyewe vimeshushwa, kwa hiyo hata mwangwi hushuka pamoja navyo, lakini kompresa haiwezi kuunganishwa hapo.

Hata hivyo, uwezo huo una bei yake. Mashine ya kidijitali ikiharibika, haitengenezwi kwa kubadilisha kifundo kimoja, na fundi wa kuifungua huenda akawa mbali. Umeme nao ni wa kufikiriwa. Hadi mwaka 2022 mji wa Kigoma ulikuwa ukitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kabla ya kuanza kupata umeme wa gridi ya Taifa. Shughuli nyingi za uwanjani bado huendeshwa kwa jenereta la kukodi ambalo umeme wake hupanda na kushuka. Anayenunua mashine ya kidijitali bila kununua kidhibiti umeme amenunua nusu ya kitu.

HESABU YA MWEKEZAJI

Swali la kibiashara si "mashine ipi ni bora" bali "tofauti ya bei itarudi lini". Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mmoja aweke bei alizozikuta sokoni.

Chukulia kwamba mashine isiyo na makundi na ile yenye makundi manne zinatofautiana kwa Sh. 600,000. Mwekezaji wa kwanza anahudumia bendi na kwaya. Makundi yanamwezesha kupokea shughuli mbili zaidi kila mwezi ambazo zamani alizikataa, na kila moja humwachia Sh. 50,000 baada ya kulipa fundi, usafiri na mafuta. Anapata Sh. 100,000 ya ziada kwa mwezi, hivyo tofauti ya bei hurudi kwa miezi sita. Baada ya hapo ni faida.

Mwekezaji wa pili anahudumia harusi zenye mshereheshaji mmoja, maiki mbili na muziki wa kompyuta. Makundi hayamletei mteja hata mmoja wa ziada. Sh. 600,000 zake hazitarudi mwezi wa sita wala wa sitini. Huyu angefanya vyema kununua mashine ndogo na kuziweka fedha hizo kwenye maiki nzuri, waya za akiba na kidhibiti umeme.

Kati ya hao wawili yupo wa tatu, mwenye kwaya moja au mbili za kudumu. Makundi mawili humtosha: moja la waimbaji, moja la ala, na mhubiri aende moja kwa moja basi kuu.

Mwekezaji wa Kigoma asisahau kwamba miezi haifanani. Harusi hupungua wakati wa Kwaresima na Ramadhani. Wavuvi wa dagaa na migebuka huvua kwa taa, hivyo kazi yao hupungua mwezi unapong'aa, na fedha mwaloni hupungua nayo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kwa miezi hiyo mitatu chanzo kikubwa cha mapato ya mwambao kilifungwa. Anayekopa ili anunue mikisa na kupanga marejesho sawa kwa kila mwezi anajiwekea mtego. Miezi sita ya mfano wa hapo juu inaweza kuwa tisa au kumi katika hali halisi.

MAJARIBIO YA DUKANI

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe maiki moja, spika moja na dakika kumi. Kwanza, abonyeze 1-2 kwenye chaneli, aachie L-R, apandishe kitelezi cha chaneli na cha kundi, na ahakikishe kitufe cha kupeleka kundi basi kuu kimebonyezwa. Sauti isikike. Pili, ashushe kundi. Pakiwa kimya kabisa, njia ni safi. Tatu, arudie kwa kila kundi, si la kwanza tu. Nne, azungushe kifundo cha kushoto na kulia aone kama sauti inahama kutoka kundi moja hadi jingine.

Tano, aangalie kundi linavyopelekwa basi kuu. Mashine nyingine hulipeleka kundi la 1 kushoto tu na la 2 kulia tu. Katika mashine kama hiyo, ule mpango wa bendi wa makundi manne ya sauti moja hautawezekana, maana midundo itasikika spika moja na magita spika nyingine. Anayehitaji makundi manne kamili achague mashine ambayo kila kundi lina vitufe vyake vya kushoto na kulia, au kifundo cha kulipeleka kati. Sita, ashushe chaneli zote, apandishe makundi na basi kuu, kisha asikilize. Mvumo mdogo ni wa kawaida. Mvumo unaoshindana na sauti ya mtu ni dalili ya mashine ya kuachwa. Kwa mashine iliyotumika, asogeze kila kitelezi polepole, na kikikwaruza ajue kuna vumbi au uchakavu na apunguze bei.

Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekwisha kumjibu mnunuzi.

Kwa ufupi, mnunuzi aanze na daftari kabla ya duka. Aandike shughuli alizohudumia au alizozikataa kwa miezi sita iliyopita, na kando ya kila moja aandike idadi ya maiki na ala. Kama nyingi zinazidi viingilio 10, alipie makundi manne. Kama ziko kati ya 6 na 10, mawili yatamtosha. Kama hazifiki 6, fedha hiyo ikae mfukoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mikisa nayo ni mali.